Farasi wa mkokoteni aliyeuzwa pauni 9,500

Kuna mifupa ya farasi imesimamishwa ndani ya makumbusho ya Kelvingrove, mjini Glasgow, Scotland. Si farasi wa mfalme. Hakushinda mbio, hakupigana vita. Alikuwa farasi wa kazi, aina ile ya kuvuta plau shambani na mikokoteni ya makaa ya mawe mjini. Jina lake Baron of Buchlyvie, na mwaka wa 1911 aliuzwa kwenye mnada kwa pauni 9,500. Sijaongeza sifuri. Msee wa kulima na farasi Scotland enzi hizo angefanya kazi maisha yake yote, afe, afufuke, aanze tena, na bado asingefikisha hiyo doo.

Na aliyemnunua hakutaka avute kitu. Mkokoteni hata hakuonyeshwa. Alinunuliwa kwa sababu ya watoto ambao walikuwa bado hawajazaliwa, na kwa sababu ya kitabu. Hicho kitabu ndicho kimenikalisha macho wiki nzima. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo stori yoyote inayohusu karatasi inayopandisha bei ya kiumbe, mimi nasikiliza hadi mwisho.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Farasi wa aina ya Clydesdale, jina limetoka kwa bonde la mto Clyde, dume mzima anakaribia tani moja. Mgongo wake unapita kichwa cha watu wengi. Miguu ina manyoya marefu kuanzia goti kushuka, meupe mara nyingi, kama amevaa soksi za shule zikateleza. England wana wa kwao, Shire, ambaye ni mkubwa hata zaidi, na upande wa mashariki kuna Suffolk Punch, mfupi kidogo, mnene, na rangi yake ni moja tu: kahawia ya kung'aa. Kabla ya lori na trakta, hawa ndio walikuwa lori na trakta. Mzigo ukishuka bandarini Glasgow, ni wao. Bia, mkaa, mbao, ngano, ni wao. Jamaa wa mkokoteni wa Gikomba angewaelewa mara moja.

Huku kwetu hukuwahi kuwaona kwa sababu rahisi. Kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika unaosambazwa na vijidudu vidogo vinavyouma usiku, na ukimpata farasi mgeni kwa kawaida humuua. Ongeza mbung'o. Ndiyo maana hata walowezi wa White Highlands waliokuja na ndoto za Scotland waliishia kulima na maksai. Lakini tuliza, Scotland ilitufikia kwa njia nyingine. Nitafika hapo.

Sasa, shida ya kwanza ya mkulima mwenye farasi jike ilikuwa dume. Kufuga dume ni gharama na ni hatari, anakula, anapiga mateke, anauma, na kama una majike wawili tu haileti maana. So unamtafuta wa mtu mwingine, unalipa ada, jike wako anapandishwa, unasubiri miezi kumi na moja. Ile kusubiri ndiyo noma. Unalipa sasa, lakini kama dume alikuwa na mguu mbovu au mapafu mabovu ya kurithisha, utajua baada ya miaka mitatu au minne, mtoto akianza kazi. Wakati huo mwenye dume ameshahamia kaunti nyingine. Unanunua kitu ambacho hakionekani. Unachonunua hasa ni neno la mtu.

Msee aliyeelewa hii biashara mapema kuliko wengi ni Robert Bakewell, aliyezaliwa 1725, mkulima wa Dishley, Leicestershire. Anajulikana zaidi kwa kondoo, lakini alifuga pia ng'ombe na farasi weusi wakubwa, mababu wa Shire. Ujanja wake ulikuwa huu: alikataa kuuza madume wake bora. Alikodisha. Unamchukua kondoo dume msimu mmoja, unalipa, unarudisha. Yeye anabaki na mnyama, anabaki na pesa, halafu anazunguka kuangalia watoto waliozaliwa kwa mashamba ya watu. Wakiwa wazuri, mwaka unaofuata bei inapanda. Ukiangalia vizuri, wateja wake ndio walikuwa wanamlipa ili wamfanyie majaribio. Nyumbani aliweka mifupa na vipande vya nyama vilivyohifadhiwa kwenye chumvi, ili wageni waone kizazi kimoja kilivyobadilika hadi kingine. Msee alikuwa na chumba cha maonyesho karne ya 18, kaka.

Kipindi hicho hicho, Leicestershire hiyo hiyo, kulikuwa na dume anaitwa Packington Blind Horse. Ndiyo, kipofu. Alipandisha majike kule Packington kati ya 1755 na 1770, na Shire wengi wanarudi kwake wakitafutiwa mababu. Hapo hapakuwa na kitabu cha ukoo. Watu walimjua kwa macho ya watoto wake, si kwa karatasi.

Kupeleka jike kwa dume ilikuwa mwendo na kupoteza siku ya kazi, so dume ndiye alitembezwa. Hii sehemu ndiyo naipenda kuliko zote. Kuanzia masika hadi katikati ya kiangazi, jamaa mmoja alitoka kwa mguu na yule mnyama wa tani moja, kamba mkononi, fimbo, mkoba. Jumatatu kijiji hiki, Jumanne kile, usiku analala kwenye baa ya njiani au zizini kwa mteja, Jumamosi jioni yuko nyumbani, Jumatatu anaanza upya. Farasi amesukwa manyoya ya shingo na riboni, shaba zimesuguliwa hadi zinang'aa, kwa sababu kila hatua barabarani ni tangazo. Mfukoni alibeba kadi zilizochapishwa: jina la dume, baba yake, babu yake, zawadi alizoshinda, ratiba ya wiki, ada ya mwenye dume, na chini kabisa, ada ndogo ya yule anayemtembeza.

Kalenda yake ilikuwa sayansi bila darasa. Farasi jike huingia joto takriban kila baada ya siku 21. So jamaa alirudi kwa shamba lilelile baada ya wiki tatu, akamsogeza dume karibu na jike, kukiwa na ubao katikati. Jike akimkubali, mimba haikushika, anarudiwa. Akirusha mateke na kupiga kelele, hongera, ameshika. Ada mara nyingi iligawanywa: kidogo siku ya kupandisha, iliyobaki jike akithibitika ana mimba. Utani wa vijijini ulikuwa kwamba si watoto wa farasi pekee waliozaliwa kwenye ile ruti. Sisemi kitu.

Piga hesabu kidogo, mfano tu. Tuseme ada ni pauni 2, na dume anapandisha majike 80 kwa msimu. Hiyo ni pauni 160 kwa miezi mitatu au minne ya kutembea, kutoka kwa mnyama mmoja ambaye havuti chochote. Sasa mpe jina kubwa, ada ipande mara kumi. Ghafla yule farasi si farasi tena, ni kiwanda. Na Scotland vyama vya wakulima wa wilaya vilikuwa vinakuja kila mwaka kwenye maonyesho ya madume Glasgow kuchagua na kukodisha dume wa msimu kwa ajili ya wanachama wao. Chama kinamhakikishia mwenye dume idadi fulani ya majike, mkulima mdogo mwenye jike mmoja anapata mbegu ya hali ya juu bila kununua dume. Kwa maoni yangu huo mpango ndio kitu cha akili kuliko vyote kwenye hii stori, na hakuna mtu anauwekea sanamu.

Halafu soko likakua likapita macho ya watu. Wanunuzi walianza kutoka Marekani, Canada, Australia. Msee wa Illinois hawezi kwenda kuangalia watoto wa dume kwenye mashamba ya Renfrewshire. Kadi ya mtembezaji inaweza kudanganya, na nyingi zilidanganya, kila dume alikuwa eti mjukuu wa bingwa. Ndiyo vyama vya ukoo vikazaliwa karibu kwa wakati mmoja: Suffolk 1877, Clydesdale 1877, na wa Uingereza wa farasi wa mkokoteni 1878, ambao 1884 walibadilisha jina kuwa wa Shire. Kila kimoja kikatoa kitabu cha ukoo. Kila dume na jike anapewa namba, jina la baba, jina la mama, mfugaji, mwenye mali.

Kitabu cha Suffolk kilitoka 1880, na aliyekiandika, Herman Biddell, alifanya kazi ya upelelezi. Alifukua matangazo ya zamani ya magazeti, akahoji wazee, akafuata madume kurudi nyuma zaidi ya miaka mia moja. Akagundua kwamba koo nyingine za baba zilikuwa zimekatika au zinakatika, na Suffolk wote walielekea kwa dume mmoja aliyezaliwa 1768, mali ya mtu anaitwa Crisp. Anajulikana kama Crisp's Horse. Farasi wa Crisp. Hiyo tu. Baba wa aina nzima ya farasi na hatuna hata jina lake, tuna jina la mwenye mali. Mtu aliyemtembeza kijiji hadi kijiji naye ndiyo kabisa, hayuko kokote.

Lakini Scotland ndiko kitabu kilileta vita, na hapa ndipo nataka mnisikilize.

Kulikuwa na msee anaitwa Lawrence Drew, wa Merryton, mmoja wa wafugaji wakubwa wa Clydesdale wa kizazi chake. Alimiliki dume anaitwa Prince of Wales, namba 673 kitabuni, aliyezaliwa 1866. Drew alikuwa anavuka mpaka kwenda England, ananunua majike wazuri wa Shire, anawapandisha kwa madume wake, na watoto wanashinda maonyesho. Kwake Clydesdale na Shire walikuwa kitu kimoja kilichotenganishwa na mpaka na kiburi. Kitabu kilipofika, wenye chama wakataka damu safi ya Clydesdale. Drew na mwenzake David Riddell wakakataa, na 1883 wakaanzisha chama chao cha kando. Mwaka uliofuata Drew akafariki, na kile chama hakikufika mbali.

Sasa angalia kilichotokea. Waliomshinda Drew hawakutoa damu ya Prince of Wales kwenye kitabu. Wangewezaje? Nusu ya mabingwa wao walitoka kwake, na wengi waliamini bibi zake wenyewe walikuwa majike wa Kiingereza. Binti zake wakaendelea kupandishwa na dume mwingine mkubwa, Darnley namba 222, aliyezaliwa 1872, na mchanganyiko wa hao wawili ukawa ndio mtindo wa Clydesdale. Yaani mchanganyiko uliingia mlangoni, ukaketi, ukala, halafu mlango ukafungwa na waliokuwa ndani wakaitwa safi. Usafi ulianza siku daftari lilipofunguliwa. Kabla ya hapo kulikuwa na farasi wazuri na farasi wabaya, basi.

Sisemi kitabu kilikuwa uongo. Watu wakisikia mimi sina digrii wanadhani lazima nichukie kila karatasi. Hapana. Kitabu kilimlinda mkulima asiye na jina dhidi ya tapeli mwenye kadi nzuri. Mtu wa Canada alipata alicholipia. Ninachosema ni kwamba karatasi inajibu swali moja tu, huyu ametoka kwa nani, na watu wakaanza kuitumia kujibu swali lingine kabisa, huyu ana thamani gani. Hayo ni maswali mawili. Na ulipoyachanganya, pesa yote ilikimbilia ukoo mmoja.

Ufuate huo ukoo. Darnley akamzaa Top Gallant. Top Gallant akamzaa Sir Everard. Sir Everard akamzaa Baron's Pride, 1890, dume aliyetawala maonyesho kupitia watoto wake. Baron's Pride akamzaa Baron of Buchlyvie, 1900, yule wa mifupa. Mama zao wako kitabuni, wana majina, lakini nani huwataja? Jike anazaa mtoto mmoja kwa mwaka akibahatika. Dume anazaa makumi. Kitabu kiliandika wote wawili, soko likasoma upande mmoja.

Sasa kesi. James Kilpatrick alimnunua Baron akiwa na miaka miwili kwa pauni 700, akamuuzia William Dunlop, wa Dunure Mains, nusu. Ushirika wa farasi, kama vile wasee wawili wananunua nduthi. Mambo yakaenda poa hadi watoto wa Baron walipoanza kung'aa. Dunlop akasema alishanunua ile nusu iliyobaki. Kilpatrick akasema hajauza. Mahakama za Scotland, rufaa, hadi House of Lords kule London, mabwana waliovaa majoho wakijadili nusu ya farasi. Mwishowe ikawa kwamba ni wa wote wawili, na kwa kuwa hawawezi hata kusalimiana, auzwe.

Mnada ulikuwa mji wa Ayr, Desemba 1911, umati umefurika. Kilpatrick alikuwa anamtaka. Dunlop naye alikuwa anamtaka, ila akaweka mtu mwingine wa kupiga bei kwa niaba yake, ili asijulikane. Bei ikapanda hadi pauni 9,500. Nyundo ikalia. Farasi akarudi Dunure Mains kwa Dunlop. Miaka isiyozidi mitatu baadaye, 1914, jike mmoja alimpiga teke, mguu ukavunjika, na farasi wa ukubwa huo akivunjika mguu hakuna hospitali. Alizikwa, akafukuliwa, mifupa ikapelekwa Kelvingrove. Lakini tayari alikuwa ameacha mtoto, Dunure Footprint, aliyezaliwa 1908, ambaye alipandisha majike wengi kumzidi hata baba.

Mwaka ule ule wa 1911 Uingereza ilisafirisha madume 1,617 wa Clydesdale kwenda nchi za nje. Kilele kilikuwa hapo, hakuna aliyejua. Vita vya 1914 vikachukua farasi kwa maelfu. Mwaka 1917 trakta ya Fordson ikaanza kutoka kiwandani. Serikali ya Uingereza, ikiwa imechelewa kama serikali zote, ikapitisha sheria ya ufugaji wa farasi mwaka 1918: kila dume anayetembezwa kwa biashara lazima awe na leseni, akaguliwe na daktari wa mifugo, mwenye kasoro za kurithisha asiruhusiwe. Sheria nzuri kabisa, kwa biashara iliyokuwa imeanza kufa.

Baada ya Vita vya Pili England ilikuwa na madume zaidi ya 200 wa Clydesdale wenye leseni. Kufikia 1949 walikuwa 80. Waliobaki bila kazi walienda kichinjioni, na ukoo mrefu haukumsaidia yeyote mlangoni pale. Suffolk ndio waliumia zaidi: mwaka 1966 watoto waliosajiliwa walikuwa tisa. Tisa, wote uzao wa Crisp's Horse. Unapobakiwa na tisa waliotoka kwa baba mmoja, hata kupanga nani apandishwe na nani ni kichwa kuuma, maana kila unayemgusa ni binamu. Hapo ndipo unaona bei ya kukimbilia ukoo mmoja miaka yote ile, na hapo ndipo kitabu kile kile kikawa mkombozi, kwa sababu bila kuandikwa kwa mama na baba kila mwaka, hakuna ambaye angejua ni binamu yupi yuko mbali kidogo. Majike ambao soko halikuwasoma ndio sasa wanasomwa, mmoja baada ya mwingine, kutafuta damu iliyosahaulika.

Na Scotland ilivyotufikia ni hivi. Ule mji wa Ayr wa mnada ndio umeipa kaunti ya Ayrshire jina, na Ayrshire ni ile ng'ombe ya madoa mekundu na meupe iko kwa boma la shosh. Wakulima wa eneo moja, akili ileile ya ufugaji: dume mwenye namba, baba ameandikwa, mama ameandikwa. Kenya kituo cha kupandisha ng'ombe kwa sindano kilianzishwa Kabete mwaka 1946, na kazi ya yule jamaa wa kutembea na kamba ikaingia ndani ya mtungi wa nitrojeni baridi kali, nyuma ya pikipiki. Ratiba haijabadilika sana. Ng'ombe pia anarudi joto kila baada ya siku kama 21, na jamaa wa AI anapigiwa simu arudi. Bado mwenye ng'ombe analipa leo kwa kitu atakachokiona baada ya miaka.

Akimaliza kazi anaacha karatasi ndogo. Ina jina la dume na namba yake. Wengi huiweka juu ya kabati, chini ya sahani, hadi ipotee, halafu ndama wa kike akikua wanampandisha na dume yule yule aliyemzaa kwa sababu hakuna anayekumbuka. Kama kwenu kuna ng'ombe, pigia mathe ama shosh uulize kama bado anayo, na dume anaitwa nani.